Jumanne ina Alhamisi yake

Kilichoniudhi zaidi siku ile ni yule dada wa kwenye simu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara, raba ya kushoto nimeivua, soksi imelowa jasho, nawatazama siafu wakipita na shughuli zao, mara sauti yake ikaniingia masikioni kwa bashasha zote: "Hongera! Umemaliza mazoezi ya leo." Sikuwa nimemaliza kitu. Programu ilikuwa imehesabu dakika zake hadi mwisho, na mimi nilishaachia njiani kitambo, nikasahau kuizima.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa natembea kifua mbele.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 41, na tangu nimalize shule mbio zangu zote zilikuwa za kukimbilia basi au kukimbia mvua. Nilifuata ule mpango wa wiki 9 unaoitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kukimbia kilomita 5, alioutunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, ambao siku hizi umo kwenye programu za simu chungu nzima. Unatoka siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, unarudia hadi zitimie dakika 20. Wiki zinavyokwenda vipande vya kukimbia vinarefuka, na kwa kuwa vinarefuka kidogo kidogo mwili unadanganyika. Halafu inakuja wiki ya 5. Siku ya pili unakimbia dakika 8, unatembea 5, unakimbia 8 nyingine. Siku ya tatu hakuna kutembea katikati: dakika 20 mfululizo. Nilipoiona ile namba mara ya kwanza nilidhani mtu kakosea kuandika.

Lakini nilizikimbia. Ilikuwa Jumamosi, saa 12 na nusu asubuhi, ukungu haujainuka, barabara tupu. Nilikwenda polepole kwa sababu niliogopa, na sasa naona kwamba ule woga ndio uliokuwa kocha wangu. Dakika ya 20 ilipotimia nilitamani kumsimamisha mtu yeyote nimwambie. Alikuwepo mbwa tu, nikamwambia yeye.

Jumanne ikawa wiki ya 6, siku ya kwanza: dakika 5, kisha 8, kisha 5, katikati unatembea dakika 3. Jumla dakika 18, tena kwa vipande. Hesabu ndiyo kazi yangu, nikaipiga, nikaona leo ni mteremko mtupu. Nilitoka saa 10 jioni, moja kwa moja kutoka kazini, jua bado linawaka, nikaanza kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kufuzu.

Dakika mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Ya tatu koo likakauka. Ya nne nikaanza kuzisikia raba zangu, pa, pa, pa, zinapiga lami kama mtu anayepigilia misumari, nikajua kwamba sikimbii tena, naanguka na kujidaka. Nilizimaliza zile 5 mikono ikiwa kiunoni. Katika dakika 3 za kutembea pumzi haikurudi mahali pake, ilirudi nusu. Kwa hiyo kile kipande cha dakika 8 nilikianza nikiwa na deni.

Kuna kimwinuko pale ambacho Jumamosi wala sikukiona. Jumanne kilikuwepo. Mapaja yalikuwa mazito kana kwamba yamejazwa mchanga mbichi, vigimbi vimekaza, jasho linaniingia machoni na kuwasha. Hayo yote yangevumilika. Kilichonimaliza ni zile hesabu zangu tena, safari hii zikipigwa kinyumenyume. Kama dakika 18 zinanishinda, basi zile 20 zilikuwa bahati. Kama zilikuwa bahati, basi wiki 5 zimekwenda bure. Kama zimekwenda bure, basi waliosema umri wangu si wa kuanza mambo haya walisema kweli. Hatua sitini tu, nikawa nimeshafika kwenye gitaa nililonunua nikaliacha, kozi ya lugha niliyohudhuria mara nne, cherehani iliyofunikwa kitambaa. "Uko katikati ya kipande hiki," akasema yule dada, "endelea hivyo hivyo." Nikasimama.

Sikupunguza mwendo. Nilisimama kama gari lililozimika, nikainama, mikono magotini, na dunia ikayumba kidogo. Baadaye nilielewa ni kwa nini. Mtu anapokimbia, misuli ya miguu huikamua mishipa na kusaidia kuirudisha damu juu kwenye moyo. Ukisimama ghafla ukamuaji ule unakoma wakati mishipa bado imetanuka, damu inatuama miguuni, presha inashuka, na kichwa kinakuwa chepesi. Ndiyo maana wakimbiaji hutembea kwanza ndipo wasimame. Mimi siku zote nilidhani ni mbwembwe.

Wakati nakwenda nilikuwa nimempita mama mmoja anayetembea taratibu na mwavuli wake. Nilimpita kwa kishindo, nakiri. Sasa akanifikia nikiwa bado nimeinama.

"Pole, mwanangu. Umeumia?"

"Hapana mama, sijaumia."

Akaendelea kunitazama, kama anayengoja niseme basi ni nini. Sikuwa na la kusema. Akanipa pole ya pili, akashika njia, na mimi nikajikokota hadi kwenye jiwe langu na siafu wangu.

Lile swali lilinikaa. Usiku ule nililala nikitamani ningekuwa nimeumia kweli. Kifundo kikiteguka mtu una la kuwaambia watu, na la kujiambia. Mimi nilikuwa mzima, hakuna kinachouma, na bado nimeshindwa jambo ambalo kwenye karatasi ni jepesi kuliko lile nililoliweza. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo aina mbaya zaidi ya kushindwa, kwa sababu huna akiba ya siku nyingine za kulinganisha. Aliyekimbia miaka 10 ana mamia ya siku mbaya nyuma yake na anajua zilipita. Mimi nilikuwa na siku 15 za mazoezi maishani, na ya 16 ikawa hiyo.

Kesho yake kazini mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniletea John Stephen Akhwari. Ukishindwa jambo lolote la kutumia miguu lazima mtu akuletee Akhwari. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico, mbio za marathoni: Mtanzania yule alianguka njiani akaumia goti, likafungwa bandeji, akaendelea, na akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Namheshimu Akhwari kama kila mtu anavyomheshimu. Lakini siku ile nilichokisikia ni kwamba yeye alimaliza na goti bovu, na mimi mwenye magoti mawili mazima nilikaa juu ya jiwe.

Jioni nikampigia shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye amekimbia tangu kabla hajamwoa. Nilipiga nikitegemea kupewa pole. Nikapewa mahojiano.

"Shem, usiku wa Jumatatu ulilala saa ngapi?"

"Saa 8 hivi. Karibu saa 9." Tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi.

"Ukaamka?"

"Saa 12."

"Mchana ulikula?"

"Nilikula asubuhi."

Kimya. Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Na maji?"

"Asubuhi pia."

"Haya. Fungua simu, nisomee ulikimbia kile kipande cha kwanza kwa mwendo gani."

Sehemu ile ya programu sikuwahi kuifungua. Nilikuwa naangalia dakika tu, kwa sababu mpango unahesabu dakika. Nikasoma. Jumamosi, wastani wa dakika 8 na sekunde 10 kwa kilomita. Jumanne, zile dakika 5 za kwanza, dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita. Akacheka mpaka nikamsikia dada yangu nyuma yake akiuliza kulikoni.

"Kwa hiyo hukushindwa dakika 18," akasema. "Ulikwenda kukimbia mbio nyingine kabisa, ambayo hujawahi kuifanyia mazoezi hata siku moja, juani, bila usingizi, tumbo tupu. Halafu unashangaa."

Nikamweleza na habari ya Akhwari. Hapo hakucheka.

"Akhwari alikuwa Olimpiki, shem. Ile haina kesho yake. Wewe ulikuwa Jumanne tu. Jumanne ina Alhamisi yake."

Halafu akaniambia nisikanyage barabara hadi hiyo Alhamisi, na nikitoka nirudie siku ileile, wiki ya 6 siku ya kwanza, nisiruke wala nisirudi nyuma. Akaniongezea habari za Eliud Kipchoge, maana hawezi kukata simu bila kumtaja. Oktoba 2020, London, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, mtu aliyekuwa hajashindwa marathoni kwa miaka mingi, alimaliza wa 8, akaeleza kwamba sikio lilikuwa limeziba. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki. Nilimwambia asinilinganishe na Kipchoge, mtu ambaye siku yake mbaya ilikuwa saa 2, dakika 6 na ushee. Akasema hanilinganishi na mtu, ananiambia masikio yanaziba.

Yale maswali yake niliyaandika kwenye daftari, kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua kila shilingi imekwenda wapi, nikaanza kusoma kila moja lina uzito gani.

Jua lilikuwa na uzito mkubwa kuliko nilivyodhani. Damu ya mtu ni ileile, lakini kwenye joto inadaiwa na wawili: misuli inataka oksijeni, na ngozi inataka damu ili ipoze mwili. Moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Jasho nalo linapunguza maji kwenye damu, kila pigo linasukuma kidogo, mapigo yanapanda tena. Kwa hiyo hata ningekimbia kwa mwendo wa Jumamosi, saa 10 ya jua kali ingenitoza zaidi. Mwili hulizoea joto, ila huchukua kama wiki moja hadi mbili za kufanya mazoezi ndani ya hilo joto, na mimi asubuhi zangu zote zilikuwa za ukungu.

Lililonishangaza ni la kichwa. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wawili walichapisha jaribio ambalo waliwapa watu kazi ya kompyuta inayotaka umakini kwa dakika 90, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi waendeshe hadi wachoke kabisa. Siku nyingine watu walewale, badala ya ile kazi, walitazama filamu za makala wametulia. Siku ya kazi ya kompyuta waliacha mapema zaidi. Moyo na mapafu yao havikuonyesha tofauti ya maana, ila wao walihisi kazi ni nzito zaidi tangu mwanzo. Nilisoma hilo nikaifunga simu nikakaa kimya. Mimi sikutumia dakika 90. Nilitumia saa 9 nikisaka tofauti ya mizania ambayo mwishowe ilikuwa ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Sasa, hapa pana shimo, na nimewaona wengi wakitumbukia. Ukishajua kwamba usingizi, jua, chakula na kazi vina uzito, unaweza kugeuka fundi wa visingizio. Kila siku ikawa na sababu, na kila sababu ikawa ruhusa. Sababu hazikunisaidia kwa kunifariji. Zilinisaidia kwa sababu kila moja ilikuwa na kitu cha kufanya: saa ya kutoka naweza kuibadili, chakula cha mchana naweza kukila, na kasi ya kuanzia, hiyo ni ya kwangu peke yangu, hakuna wa kumsingizia.

Alhamisi nilitoka asubuhi. Nilikuwa nimejiwekea kipimo kimoja, na mpaka leo sijapata kingine kinachonifaa kuliko hicho. Watoto wa shule hupita njia ile na wana adabu, kila mmoja atakusalimia. Nikisikia "Shikamoo," nikaweza kujibu "Marahaba, hamjambo? Msome vizuri" kwa pumzi moja, mwendo ni sawa. Nikiweza "Marahaba" tu, nimezidisha. Nikiishia kupunga mkono, basi naelekea kwenye jiwe. Wenye utaalamu wana vipimo vyao. Kuna cha Msweden Gunnar Borg ambacho unajipa namba ya ugumu kuanzia 6 hadi 20, na amekipanga hivyo ili namba yako ukiizidisha kwa 10 ikaribiane na mapigo ya moyo kwa dakika. Nilikijaribu. Nikiwa nakimbia siwezi kuchagua kati ya 13 na 14, lakini marahaba siwezi kudanganya.

Kwa kipimo hicho mwendo wangu wa halali uligeuka kuwa wa aibu. Nasema aibu kwa maana yake kamili. Mzee mmoja anayetembea kwa kasi, fimbo mkononi ambayo wala haigusi chini, alikuwa upande wa pili wa barabara, na kwa muda wa dakika nzima tulikwenda sambamba: mimi nakimbia, yeye anatembea. Akageuka akanitazama, akaongeza mwendo. Akanipita! Jumanne ningemfukuza. Alhamisi nilimwacha aende, na nakwambia ilinigharimu kuliko kile kimwinuko. Kukimbia polepole kiasi kile si jambo la miguu. Ni kukubali uonekane.

Kipande cha dakika 5 kikapita. Cha 8 nikakimaliza, na kimwinuko kilikuwepo, lakini kilikuwa kimwinuko. Katika kile cha mwisho nikakamatwa na kichomi, ubavu wa kulia chini ya mbavu, kama mtu kanipenyeza sindano ya gunia. Nikapunguza, nikatoa pumzi yote nje taratibu kwa midomo iliyobinywa, nikabonyeza pale panapouma kwa vidole viwili huku nimeinama kidogo. Kiliondoka baada ya pumzi saba au nane. Nikamaliza. Haikuwa siku nzuri. Ilikuwa siku ya kawaida, iliyochosha, na nilirudi nyumbani bila kumwambia mbwa.

Tangu hapo nimekuwa na mazoezi magumu mengi, na nisingependa mtu adhani nimegundua dawa. Kuna moja la wiki ya 8, dakika 28. Nililala vizuri, nilikula, ukungu ulikuwepo, marahaba ilikuwa inatoka yote. Dakika ya 10 miguu ikaisha. Mapigo ya moyo yalikuwa juu bila sababu. Nikatembea, nikarudi, nikaandika kwenye daftari alama ya kuuliza. Siku iliyofuata nikaamka na koo linalochoma na homa. Kumbe mwili ulishaanza vita kabla haujanijulisha. Shem ana kanuni yake ya mafua, ambayo wakimbiaji wengi wanayo: kikiishia juu ya shingo, pua tu inachuruzika, unaweza kutoka taratibu. Kikishuka kifuani, au ukiwa na homa, unalala. Nililala siku 6. Nilipotoka tena sikurudi kwenye 28. Nilirudi kwenye 20, na haikuniuma kama ambavyo ingeniuma mwezi mmoja nyuma.

Na kuna jingine, la baada ya kumaliza mpango, ambalo halikuwa na sababu hata moja. Nilipekua daftari kama mkaguzi. Usingizi saa 7 na nusu. Hali ya hewa nzuri. Sikuugua kabla wala baada. Siku mbili mbele yake na siku mbili nyuma yake mwili ulikwenda kama kawaida. Ile siku moja tu ilikuwa kama nakimbia ndani ya maji hadi kiunoni. Mtu wa mizania ndani yangu hakupenda, alitaka tofauti ile ipatikane iko wapi. Nimeiacha kwenye daftari hivyo hivyo, haijafungwa.

Ninachofanya sasa njia ikiwa ngumu ni vitu vichache, na kimoja nakishikilia kwa ukali kuliko vyote: siamui kuacha nikiwa nakimbia. Nikihisi nimefika mwisho, natembea. Dakika 2 kamili, kwa saa. Ndani ya dakika hizo naruhusiwa kuamua lolote, hata kurudi nyumbani, na mara kadhaa nimerudi. Lakini yule anayeamua anakuwa na pumzi. Anayepanda kimwinuko huku akihema ni mwongo mkubwa, atakwambia habari za gitaa. Nimeona kwamba mara nyingi, zikifika sekunde 90 hivi, hasira inakuwa imeshuka, na kinachobaki ni uchovu mtupu, ambao hauna maneno mengi. Nao nikiuanza upya kwa mwendo wa yule mzee wa fimbo, mara nyingi unanibeba hadi mwisho.

Pia nimejifunza kutofautisha kuchoka na kuumia, maana lile swali la yule mama lilikuwa swali sahihi kuliko nilivyolipokea. Kuchoka kumeenea: mapaja yote mawili, kifua kinahema, unapunguza mwendo na kinapungua. Kuumia kuna mahali pake, unaweza kupaonyesha kwa kidole, na kunabadilisha unavyokanyaga. Nikianza kuchechemea nimemaliza siku hiyo, hata kama zimebaki sekunde 30. Na kama ni kifua kubana au kuuma, moyo kudunda bila mpangilio, au macho kuingia giza, hapo hakuna dakika 2 wala nini: unasimamisha zoezi, unaita mtu, na unakwenda kwa daktari. Hayo hayavumiliwi hata kidogo.

Raba hazikuwa tatizo, ingawa kila mtu aliniuliza habari za raba.

Dakika 30 za wiki ya 9 nilizikimbia mwishowe, wiki mbili nje ya ratiba. Yule dada akasema hongera yake, sauti ileile, bashasha ileile, na safari hii kweli nilikuwa nimemaliza. Nikagundua kwamba sikuihitaji kama nilivyodhani. Nilikuwa naangalia kama kamba ya raba imelegea.

Juzi Jumanne nilitoka jioni tena, kwa sababu asubuhi ilinishinda. Jua, mwisho wa mwezi, unajua. Dakika ya 14 nikatembea zile 2 zangu, nikaanza, nikatembea tena, kisha nikageuza. Njia ya kurudi ilikuwa na watoto wengi wanaotoka shule na niliwaitikia wote vizuri, marahaba za kutosha, nikiwauliza na masomo yao. Nikiwa mlangoni navua raba simu ikalia.

"Vipi leo, shem?"

"Nimerudi kwa miguu."

"Alhamisi saa 12?"

"Saa 12 na nusu," nikamwambia. "Nataka nilale."